Je, Wajua? Feni ya Rejeta Huweza Kugoma Ilhali Mota Yake Ni Nzima

Injini ya petroli hugeuza takribani theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa ya iliyobaki huwa joto, ambalo kiasi chake hutoka na moshi na kiasi kingine huchukuliwa na maji hadi kwenye rejeta, yaani kifaa chenye mirija myembamba kinachopozwa kwa upepo. Gari likiwa kasini upepo huo hujileta wenyewe, lakini likikwama kwenye foleni rejeta hutegemea feni ya umeme, ambayo katika magari mengi huanza kuzunguka maji yanapofikia nyuzi kati ya 95 na 105 za Selsiasi. Kwa sababu hiyo, gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa linaposhika mwendo huelekeza shaka kwenye feni kwanza.

Hata hivyo, feni iliyosimama si ushahidi kwamba mota imeungua. Umeme hutoka betrini, hupita kwenye fyuzi na rilei, huzungusha mota, kisha hurudi betrini kupitia bodi ya gari. Rilei ni swichi inayovutwa na sumakuumeme, hivyo mkondo mdogo hutosha kuruhusu mkondo mkubwa wa feni. Amri hutoka kwa kompyuta ya injini, inayosoma sensa ambayo ukinzani wake, yaani kiwango chake cha kuzuia umeme, hupungua kadiri maji yanavyopata joto.

Uchunguzi mzuri hufuata njia hiyo hatua kwa hatua. Soketi ya feni huchomolewa na mota kuunganishwa na betri moja kwa moja, kwa waya mnene wenye fyuzi: isipozunguka, mota ndiyo mbovu; ikizunguka, hitilafu iko kwingineko. Baada ya soketi kurudishwa na fyuzi kukaguliwa, rilei hutolewa na matundu ya pini 30 na 87, ambayo ndiyo njia ya mkondo mkubwa, huunganishwa. Feni ikizunguka, waya zake ni nzima, na shaka hubaki kwa rilei yenyewe au kwa amri inayoifikia kupitia pini 85 na 86.

Hitilafu inayodanganya zaidi ni kutu kwenye maungio. Mita huweza kuonyesha volti 12 feni ikiwa imechomolewa, kwa kuwa hakuna mkondo unaopita. Lakini mkondo wa ampea 15 ukipita kwenye ungio lenye ukinzani wa omu 0.2, volti 3 hupotea hapo na kuzalisha joto la wati 45, linalotosha kuyeyusha plastiki ya soketi. Kwa hiyo volti hupimwa feni ikiwa imeunganishwa na kuamriwa kuzunguka, upande wa kuingia na ule wa kurudi kwenye bodi.

Kupima huku huchukua muda mfupi, ilhali injini iliyoachwa ichemke huweza kupinda silinda hedi ya alumini na kuunguza gasketi yake. Dereva aonapo geji ikipanda na azime injini mapema, wala asifungue kifuniko cha rejeta ingali ya moto. Fundi naye apime kwanza kabla ya kumtuma mwenye gari kununua feni mpya.