Anwani ya Mtandao Si Jina la Mtu: Namna ya Kufundisha Jinsi Seva Inavyomtambua Mgeni Wake

Utangulizi

Mwanafunzi wa darasa la sita akiuliza, "Mwalimu, nikifungua tovuti kwa simu ya baba, wenye tovuti wananijua?", walimu wengi hutoa moja kati ya majibu mawili. Wako wasemao kwamba hakuna ajuaye lolote. Wako pia wasemao, aghalabu kwa nia ya kumtia mtoto adabu, kwamba kila kitu kinaonekana: jina, nyumba na hata sura. Majibu yote mawili si sahihi. La kwanza humfanya mtoto awe mzembe. La pili humzoesha kuamini kwamba namba iliyotolewa na mashine ni ushahidi kamili dhidi ya mtu. Hilo la pili ndilo la hatari zaidi, kwa maana mtoto huyo kesho atakuwa mwalimu mkuu, karani au hakimu, naye ataletewa namba ya namna hiyo ili aamue jambo la mwenziwe.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo kuelewa mambo matatu: kwanza, jinsi seva inavyoipata anwani ya mgeni, pili, anwani hiyo inasema nini na haisemi nini, tatu, namna ya kulifundisha somo hili hata mahali pasipo na kompyuta wala umeme.

1. Anwani ya mtandao ni nini?

Kila chombo kinachozungumza katika intaneti hakina budi kutumia namba ambayo kwayo majibu yatakirudia. Namba hiyo huitwa anwani ya IP. Anwani za aina ya zamani, ambazo zingali zikitumika sana, huandikwa kwa namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na kila namba huwa kati ya 0 na 255. Mfano wake ni 192.0.2.44, anwani iliyotengwa kwa ajili ya mifano ya vitabuni tu.

Mwalimu wa Hisabati atatambua mara moja kwamba anwani hizo zina kikomo. Tukizidisha 256 kwa 256, mara nne, tunapata 4,294,967,296. Idadi hiyo haitoshi hata kumpa kila binadamu anwani moja, maana watu duniani wamezidi bilioni 8. Ghala kuu la dunia la anwani hizo lilikwisha Februari 2011. Ipo aina mpya yenye anwani nyingi kupita kiasi, lakini haijaenea kila mahali. Kwa sababu ya uhaba huo, watu wengi hutumia anwani moja kwa pamoja. Mwanachuo alishike sana jambo hili, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yanayofuata.

2. Seva huipataje anwani?

Mtu anapofungua tovuti, kivinjari chake hupeleka ombi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa. Seva haiwezi kujibu kama haijui pa kupeleka jibu. Kwa hiyo anwani haiibwi wala haipelelezwi. Huja pamoja na ombi lenyewe, kama vile barua ya posta inayotaka majibu inavyobeba anwani ya kurudishia.

Skripti inayofanya kazi ndani ya seva huweza kuisoma anwani hiyo. Lugha mojawapo itumikayo sana kwa kazi hii ni PHP. Mwanzilishi wake, Rasmus Lerdorf, alianza mwaka 1994 kutengeneza zana ndogo za kumwonyesha ni nani waliokuwa wakiusoma ukurasa wake wa binafsi. Kwa hiyo haja ya kuwajua wageni imo katika chimbuko la lugha yenyewe. Mstari mmoja watosha:

<?php echo $_SERVER['REMOTE_ADDR']; ?>

Maana yake ni hii: "Andika anwani ya yule aliyenifikia moja kwa moja." Maneno "moja kwa moja" yana uzito. Kama ombi limepitia seva ya uwakala, skripti itaiona anwani ya wakala, si ya mtu aliyemtuma. Baadhi ya mawakala huongeza mstari uitwao X-Forwarded-For, unaotaja anwani ya aliyewatuma. Lakini mstari huo ni maandishi tu. Mtu yeyote aweza kuandika humo anwani aitakayo, kama awezavyo kuandika jina la uongo nyuma ya bahasha. REMOTE_ADDR ni vigumu kuighushi, maana mazungumzo hayakamiliki kama majibu hayamfikii aliyeomba. Kwa hiyo kanuni ni hii: X-Forwarded-For isiaminiwe isipokuwa imetoka kwa wakala tunayemjua na kumwamini.

3. Anwani inasema nini?

Wanachuo wengi hufanya mazoezi ya kufundisha vijijini, basi na tuchukue mfano wa kijiji. Lupiro iko ng'ambo ya Mto Kilombero kwa atokaye Ifakara, mahali barabara ya Mahenge inapoachana na ile ya Malinyi. Mwaka 1996 watafiti wa afya wa Ifakara walianza kufuatilia kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga. Kila kaya ilipewa namba, na wahoji waliipitia kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Namba ya kaya peke yake haikuwa jina la mtu. Ili kujua ni nani aliyekusudiwa, ilipasa mhoji alifungue daftari, asome orodha ya wanakaya, na aulize.

Tena, katika bonde hilo familia nyingi huhamia mashambani wakati wa mpunga, zikakaa vibandani kwa miezi kadhaa. Namba iko mlangoni kijijini. Wenyewe wako bondeni. Ndivyo ilivyo anwani ya mtandao. Simu iliyoko Lupiro huweza kuonekana katika orodha za kukadiria mahali kana kwamba iko Dar es Salaam, kwa sababu kampuni ya simu imeiandikisha anwani hiyo huko, au huko ndiko inakopitishia mawasiliano yake.

Madhara ya kusahau jambo hili yameonekana Marekani. Kampuni ya MaxMind hutoa orodha zinazokadiria mahali zilipo anwani. Pale ilipojua tu kwamba anwani ni ya Marekani, pasipo kujua sehemu, iliweka alama karibu na katikati ya nchi. Alama hiyo iliangukia kwenye shamba moja katika jimbo la Kansas, na anwani zaidi ya milioni 600 zikaelekezwa hapo. Kwa miaka mingi wakazi wa shamba hilo walijiwa na polisi na watu wenye hasira, wakituhumiwa wizi na utapeli wasioujua kabisa. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 2016, kampuni iliihamishia alama katikati ya ziwa. Orodha haikuwa imedanganya. Ilisema "Marekani" tu. Waliosoma ndio waliodhani imesema "nyumba hii".

4. Saa ni sehemu ya anwani

Kwa kuwa anwani moja hutumiwa na wengi, na huweza kupewa mtu mwingine baada ya muda, anwani bila saa haina maana. Hapa mwalimu wa Afrika Mashariki ana tahadhari mbili za kuchukua. Seva nyingi huandika saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Pamoja na hilo, sisi huhesabu saa kuanzia macheo. Daftari la seva likiandika 20:15 kwa saa za kimataifa, hapa kwetu ilikuwa 23:15, yaani saa 5:15 usiku. Atakayesoma haraka atasema saa 2:15 usiku, na huenda akamtuhumu mtu ambaye saa ile alikuwa mezani akila na wenzake.

Tuchukue mfano wa chuo. Wanachuo wawili wamefanya jaribio kwa Moodle, programu ya kufundishia iliyoandikwa kwa PHP na ambayo huweka kumbukumbu ya anwani. Majaribio yote mawili yametoka kwenye anwani moja. Je, mmoja amemfanyia mwenziwe? Huenda. Lakini kama bweni zima linatumia mtandao mmoja, wanachuo wote wa bweni wataonekana na anwani hiyohiyo. Mkufunzi mwenye busara atalichukua jambo hilo kuwa sababu ya kuuliza, asilifanye sababu ya kuadhibu.

5. Andalio la somo: Igizo la barua

Somo hili lafaa madarasa ya V na VI, kwa kipindi kimoja cha dakika 40.

Lengo: Mwanafunzi aweze kueleza kwa nini anwani peke yake haimtaji mtu.

Zana: Vipande vya karatasi, madaftari manne, na saa iliyochorwa ubaoni.

Hatua ya 1. Gawa darasa katika safu tatu. Kila mwanafunzi apewe namba ya ndani, kuanzia 1. Safu zipewe namba za nje: 100, 200 na 300. Kiongozi wa kila safu awe ruta, yaani mlinda mlango wa safu yake, na apewe daftari. Mwanafunzi mmoja akae mbele awe seva, naye apewe daftari.

Hatua ya 2. Mwanafunzi aandike swali kwenye karatasi pamoja na namba yake ya ndani. Kwa mfano: "Barabara ya Malinyi inaachana na ile ya Mahenge wapi?" Kiongozi afute namba ya ndani, aandike namba ya nje na namba ya zamu, kisha ahifadhi daftarini saa, namba ya ndani na zamu aliyoitoa. Seva ijibu, na iandike katika daftari lake saa, namba ya nje na zamu. Jibu lirudi kwa njia ileile. Mwalimu aisogeze saa ya ubaoni kila baada ya maswali machache.

Hatua ya 3. Kwa siri, mwambie mwanafunzi mmoja apeleke swali la utundu lisilo na matusi. Kisha uliza darasa zima: "Seva, nani ameandika hili?" Seva itajibu, "Namba 200." Uliza tena: "Je, tuiadhibu safu yote ya 200?" Waache wajadiliane. Usiharakishe hapa, hapa ndipo somo lilipo.

Hatua ya 4. Lifungue daftari la kiongozi. Kwa saa na zamu, namba ya ndani itapatikana. Kisha ifute safu ya zamu katika daftari la seva, ujaribu tena: katika muda uleule watu kadhaa wa safu 200 walikuwa wakiuliza, na jibu halipatikani. Mwishowe, waulize: "Je, kama mtu alikalia kiti cha mwenziwe?" Wataona kwamba hata namba ya ndani ni namba ya kiti tu.

Mwalimu asiyatoe majibu hayo mapema. Wanafunzi wakiyafikia wenyewe hawatayasahau.

6. Daftari ni dhamana

Aliye na daftari ana wajibu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 nchini Tanzania ziliwataka wenye migahawa ya intaneti waipe kila kompyuta anwani ya kudumu, waweke kamera, na waandikishe watumiaji kwa vitambulisho. Zilitaka yote hayo kwa kuwa anwani humaliza kazi yake kwenye kompyuta. Kutoka hapo hadi kwa mtu huhitajika ushahidi mwingine.

Kumbukumbu huweza pia kutakiwa na dola. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuhusu kutowapa polisi taarifa za watumiaji. Aprili 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ilimtia hatiani kwa kuzuia upelelezi katika mojawapo ya mashauri yake, na kumtoza faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu kuwa taarifa binafsi namba au alama yoyote ya kumtambulisha mtu. Huko Ulaya, mahakama kuu ya Umoja huo iliamua Oktoba 2016 kwamba hata anwani inayobadilikabadilika huweza kuwa taarifa binafsi, pale mwenye tovuti anapokuwa na njia ya kisheria ya kumfikia mhusika.

Kwa hiyo mwalimu atakayeanzisha tovuti ya shule ajiulize kabla ya kuandika ule mstari mmoja: Anwani hizi nazitakia nini? Nitazitunza kwa muda gani? Nani atazisoma? Kama hana jibu, asizikusanye.

Hitimisho

Tumeona kwamba seva huiona anwani kwa sababu haina budi kujibu, na kwamba anwani hutaja mlango ambao ombi limepitia. Kutoka mlangoni hadi kwa mtu kuna hatua kadhaa: saa, zamu, daftari la kampuni, na mtu mwenyewe kusikilizwa. Kila hatua iliyorukwa huweza kumwangukia asiye na hatia.

Maswali ya mazoezi

1. Daftari la seva limeandika 05:40 kwa saa za kimataifa. Ilikuwa saa ngapi kwa Kiswahili?
2. Eleza kwa nini X-Forwarded-For haiaminiki kama REMOTE_ADDR.
3. Tayarisha igizo kama la hapo juu kwa darasa lenye wanafunzi 90 na madawati machache. Utabadili nini?
4. Mwalimu mkuu ameletewa anwani moja, akaambiwa kwamba mwanafunzi fulani ameandika uongo kuhusu shule. Orodhesha maswali yampasayo kuuliza kabla ya kumwita mtoto huyo.