Dawa ya Malale na Ndevu za Wanawake

Muhula uliopita tulibishana darasani: je, biashara husaidia sayansi au huizuia? Wengi walisema bila faida hakuna ugunduzi. Nami nilikuwa upande wao, hadi niliposoma habari za eflonithini.

Dawa hii ilijaribiwa kwa saratani, isifue dafu. Baadaye ikaonekana inaponya malale, ule ugonjwa wa mbung'o, hata vijidudu vikishaingia ubongoni. Marekani iliidhinisha mwaka wa 1990. Dawa ya zamani ilikuwa na aseniki (sumu kabisa!) na iliua karibu wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliotibiwa. Lakini wenye malale ni wanavijiji wa Kongo na Uganda. Watalipa na nini? Katika miaka hiyo ya 1990 kampuni ikaacha kuitengeneza.

Kumbe dawa hiyo hiyo hupunguza kasi ya nywele kuota! Mwaka wa 2000 ikaidhinishwa Marekani kama mafuta ya kupaka wanawake wanaoota ndevu. Soko likapatikana. Mwaka wa 2001, baada ya madaktari kupiga kelele, watengenezaji wakakubali kuitoa bure kupitia Shirika la Afya Duniani.

Jirani yangu wa dawati ati ananiambia, "Si umeona, biashara imesaidia!" Sawa, lakini dawa ilikuwa imeshajulikana miaka kumi na zaidi. Nikamuuliza habari za waliougua katikati hapo. Bado hajanijibu.