Mama Abaki Nyumbani Kwake

Katika familia nyingi siku hizi kuna kikao ambacho hakikwepeki. Watoto wamekuja kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mara nyingi baada ya mazishi ya baba au baada ya mama kuanguka, na swali linawekwa mezani: mama anachukuliwa na nani? Wanaume wanazungumza kwanza. Mwishowe macho yote yanamgeukia mke wa yule mwenye chumba cha ziada, au binti ambaye hajaolewa. Mama mwenyewe ameketi pembeni akisikiliza, na hakuna aliyemwuliza.

Mama mpendwa msomaji, pengine umekwisha kukaa katika kikao kama hicho, au utakaa. Katika kazi yangu ya uuguzi, na katika kuwatembelea wazee pamoja na akina mama wa kanisa, nimewaona wazee wengi waliohamishwa kwa nia njema kabisa. Mama aliyezoea kuamka alfajiri kuwafungulia kuku, anayejua nani amejifungua na nani hajarudisha jembe, analetwa mjini katika nyumba yenye geti. Asubuhi wote wanaondoka. Anabaki na televisheni na msichana wa kazi. Baada ya miezi michache hali vizuri, usingizi umepotea, siku za juma zinamchanganya, na familia inasema ni uzee. Sehemu yake ni uzee kweli. Sehemu nyingine ni upweke.

Sisemi kwamba hakuna mzee wa kuhamishwa. Aliyepooza, asiyeweza kujigeuza kitandani, au anayeondoka na kuacha jiko linawaka, anahitaji mtu karibu usiku na mchana. Lakini wengi niliowaona hawakuwa wamefikia hapo. Walihamishwa kwa sababu ya mambo ambayo fundi mmoja na majirani wachache wangeyamaliza kwa siku mbili.

Tuanzie chooni

Ukitaka kujua kama mzee ataweza kuendelea kuishi kwake, usianze na sebule. Nenda chooni, na uende usiku. Vyoo vyetu vingi viko nyuma ya nyumba, hatua kadhaa kutoka mlangoni. Mzee huamka mara mbili au tatu usiku kwenda haja ndogo. Kama anatumia dawa za presha, akisimama ghafla anaweza kushikwa na kizunguzungu. Njia ni ya udongo, imelowa, hana taa, na miguuni ana kandambili. Akifika inambidi achuchumae wakati magoti hayakunjiki tena, na wakati wa kuinuka hakuna cha kushika.

Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa miaka 75, mara nyingi harudi kutembea kama zamani. Akilala muda mrefu huja vidonda vya mgongoni na makalioni, na nimonia nayo haiko mbali.

Kuna jambo jingine ambalo wakwe wengi hawalijui. Mzee anayeogopa safari ya chooni huacha kunywa maji. Anakunywa kikombe kimoja asubuhi, basi. Baada ya siku kadhaa anafunga choo, anapata maambukizi katika njia ya mkojo, na ghafla anaanza kuzungumza mambo yasiyoeleweka, anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Nyumba nzima inashtuka, na hawakosekani watakaotaja mapepo. Mpelekeni kwanza zahanati apimwe mkojo, malaria na sukari. Nimewaona wazee waliorudiwa na fahamu zao kwa maji na dawa za siku chache.

Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo. Nguzo mbili imara zichimbiwe kila upande za kushikilia. Kutoka mlangoni hadi chooni pawe na fito za kushika kama za zizi, na taa ndogo ya sola. Viatu viwe na mkanda wa nyuma. Usiku, ndoo yenye mfuniko chumbani si aibu hata kidogo. Aibu ni mama kulala na kiu. Mfundisheni pia akiamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, atulie kidogo, ndipo asimame.

Jikoni nako kuna hatari, na katika nchi yetu hatari hiyo imewahi kuwa mbaya kuliko ugonjwa. Usukumani, kwa miaka mingi, wanawake vikongwe wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na moja ya dalili walizoonyeshewa kidole ni macho mekundu. Macho hayo yalitokana na moshi wa kuni na wa samadi kavu, baada ya maisha mazima ya kuwapikia watoto na wajukuu. Ndiyo maana waliofanya kazi na wazee huko hawakuishia kuhubiri dhidi ya ushirikina. Walisaidia pia kujenga majiko sanifu. Jiko lenye moshi kidogo likawa ulinzi wa uhai wa mwanamke mzee kwenye kiwanja chake mwenyewe.

Neno “familia” lina sura ya mwanamke

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka umri wa uzee kuwa kuanzia miaka 60, ikasema kwamba matunzo ya wazee yatabaki mikononi mwa familia na jamii, na makao ya wazee yawe ni kwa wale wasio na mtu kabisa. Nami naafiki. Lakini tuambizane ukweli: likitajwa neno “familia” katika karatasi hizo, anayeamka usiku kubadilisha shuka ni mwanamke, na huyo ana watoto wake, shamba au ofisi, na mume anayeuliza chakula. Kama mzigo ni wa familia peke yake, basi ni wako peke yako. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchini, na karibu milioni 3.5 kati yao walikuwa na miaka 60 au zaidi. Wazee hao wote hawawezi kuwekwa juu ya mabega ya wakwe.

Sera hiyo imetaja na jamii. Jamii ni mtaa, kitongoji, jumuiya, na kijiwe cha bodaboda pale njia panda. Hao wote wapangiwe kazi.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa miji inayowafaa wazee. Kabla ya kuuandika, wazee wenyewe waliulizwa katika miji 33 duniani, Nairobi ukiwa mmojawapo. Walizungumzia njia za kupita kwa miguu, vyoo, mahali pa kupumzika, usafiri, kuheshimiwa na kupewa habari. Nampendea mwongozo huo jambo moja zaidi ya yote: ulianza kwa kuwauliza wenye shida. Sisi tunapenda kuwapangia wazee wakiwa wamekaa pembeni.

Basi anzeni kwa kuhesabu. Akina mama watatu au wanne, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, wapite nyumba kwa nyumba na daftari. Nani ana miaka 60 na zaidi? Analala na nani? Maji anachotewa na nani? Ana dawa za kila siku, na zikiisha nani huzifuata? Choo chake kikoje? Mkimaliza, msishangae kukuta bibi wa miaka 80 anayelea wajukuu watatu bila mtu mzima mwingine, mita chache kutoka kanisani. Kanisa la kwanza nalo lilikutana na jambo hili, wajane wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma kwamba walichaguliwa watu saba, kila mmoja kwa jina, wasimamie. Daftari lenu nalo liwe na majina. Kila mzee aandikiwe nyumba mbili: moja ya kumchungulia asubuhi kabla ya saa tatu, nyingine ya kumchungulia jioni. Si lazima kukaa. Mlango ukiwa haujafunguliwa saa tatu, mtu agonge.

Kwa mzee aliyeanza kusahau, wajulisheni madereva wa bodaboda, muuza genge na walimu wa shule iliyo jirani. Wamjue kwa sura, na wawe na namba ya simu ya nyumbani. Vijana wa bodaboda tunawalaumu kwa mengi, lakini hakuna anayeujua mtaa kama wao, na mzee akipotea wanaweza kuzunguka njia zote kwa muda mfupi.

Fedha na hati

Ziara peke yake hazinunui sabuni. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao bibi waliobaki na wajukuu yatima baada ya ukimwi, na wazee hao wakajiunga katika vikundi vya kusaidiana. Zanzibar nayo, kuanzia Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya jamii, mwanzoni shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Fedha ni kidogo, lakini ni zake. Mzee mwenye fedha zake, hata kama ni za chumvi na mafuta ya taa, husikilizwa zaidi nyumbani.

Mtaa hauwezi kulipa pensheni, ila kikundi cha vikoba kinaweza kuwa na mfuko mdogo wa wazee. Kazi yake iwe moja na ijulikane: nauli ya hospitali, misumari na mbao za choo, betri ya taa. Msiuchanganye na rambirambi. Huwa tunachanga kwa wingi mtu akishakufa.

Na sasa jambo ambalo wengi wanaogopa kulitaja. Mjane hawezi kuzeekea nyumbani kwake kama mashemeji wamekwisha kuigawana nyumba. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Haki hiyo inalindwa vizuri zaidi ikiwa kuna maandishi. Wakati mume na mke wangali hai na akili zao timamu, jina la mama liandikwe katika hati pamoja na la baba, na wosia uandikwe mbele ya mashahidi. Zungumza na mumeo juu ya mama yake, kisha juu yenu wenyewe. Mazungumzo hayo si rahisi. Ni rahisi kuliko yale ya baada ya matanga.

Daftari likishajaa, lipelekeni kwenye mkutano. Kwa kisheria mkutano mkuu wa kijiji hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema. Msiende na ombi la “kuwakumbuka wazee”. Litapigiwa makofi na kusahauliwa. Nendeni na hesabu: wazee 23, vyoo tisa visivyofaa, mtaro mmoja unaowazuia watu watano kufika zahanati, na mzee mmoja au wawili walio tayari kusimama na kusema wenyewe. Ombeni siku moja ya msaragambo, vijana waje na majembe, na wenye magari wasombe mawe.

Siku hiyo iwe Januari au Februari. Masika yakianza Machi udongo hauchimbiki, njia zinateleza, na wazee wenyewe huwa hawatoki nje kuwaonyesha mnakopaswa kuanzia.