Digrii ya lishe iliyoishia kwenye sahani za watoto

Ukisikia mtu amesomea lishe Australia, unadhani atarudi na ofisi kubwa na koti jeupe, sivyo? Wawira Njiru alirudi na sufuria.

Mwaka 2012, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Australia, aliandaa mlo wa Kikenya, wageni wakalipia. Pesa hizo zilianzisha jiko dogo Ruiru, alikokulia, la kulisha watoto 25. Leo shirika lake, Food4Education, hulisha mamia ya maelfu ya watoto kila siku ya shule.

Lakini usidhani ni sadaka tu. Mzazi hulipa kwa simu, mtoto anavaa bangili, anaigusisha kwenye kifaa, anapewa wali na ndengu zake. Hakuna sarafu za kupotea njiani (au kuishia kwa mandazi, tunajuana). Mwaka 2023 mpango wa Dishi na County ulipoanza Nairobi, mzazi aliambiwa alipe Sh5 pekee. Salio linabebwa na kaunti na shirika. Hebu niambie, Sh5 itakufikisha wapi kwa matatu?

Umoja wa Mataifa nchini ulimtambua kuwa Mtu Bora wa Mwaka 2021. Tuzo ni sawa, ila mimi huvutiwa zaidi na ajira. Wewe uliyesomea uhasibu, ufundi wa mitambo au programu za kompyuta, ujue jiko kama hilo linahitaji watu wa aina yako, pamoja na madereva na wapishi wanaodamka watoto wangali wamelala.