Kiapo Pekee Hakimfanyi Mtu Mkalimani

Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha inayotumiwa kortini. Haki hiyo ni njema. Lakini je, ni nani anayempima mkalimani huyo?

Wakazi wa Migori na Homa Bay wana sababu ya kuuliza. Hapa husemwa Kidholuo, Kikuria na, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Kisuba, ambacho wasemaji wake wengi wamekwisha kuhamia Kidholuo. Kwa mujibu wa sheria ya kesi za jinai, lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya korti za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Anayesimama katikati mara nyingi ni karani wa mahakama, mwenye majalada yake ya kutunza, anayeaminiwa kwa kuwa lugha hiyo ni ya kwao.

Mimi kama mwanaisimu naona hatari hapo. Mdholuo akitanguliza neno nyoro kabla ya kitenzi, tendo lilitukia jana. Akisema nyocha, ni juzi. Akisema yande, ni siku kadhaa zilizopita. Mkalimani mwenye haraka huyameza yote matatu na kusema tu "alikuja". Kwa anayejitetea kwamba hakuwapo usiku wa tukio, siku hiyo moja ndiyo kesi yenyewe. Vivyo hivyo, kawo ni kuchukua na kwalo ni kuiba. Aliyechukua ng'ombe akidai deni lake hajakiri wizi.

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ililitambua jambo hili mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, ilipoagiza mshtakiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, na jibu lake liandikwe karibu iwezekanavyo na maneno yake mwenyewe.

Hati nazo zina matatizo yake. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hukumu ya Tarime ikivuka mpaka wa Sirare na Isebania kwenda Mahakama Kuu ya Migori, yahitaji kutafsiriwa. Mtafsiri huapa mbele ya kamishna wa viapo, naye kamishna hushuhudia kiapo na sahihi. Usahihi wa tafsiri haumhusu.

Huko Afrika Kusini, mtafsiri wa kiapo hukubaliwa na Mahakama Kuu baada ya kuthibitisha ujuzi wake, ndipo huapishwa. Nasi tungeweza kufuata utaratibu huo. Idara ya Mahakama ishirikiane na vyuo vikuu kutunga mtihani wa tafsiri ya hati, ukalimani wa papo kwa papo na maadili. Watakaofaulu waorodheshwe hadharani na walipwe ipasavyo.

Wapo watakaosema kwamba wasomi wa Kisuba ni haba. Basi mzee wa Mfangano asiye na shahada apimwe kwa ulimi wake, asizuiwe na karatasi.

Dereva wa matatu ya Rongo hupimwa kabla ya kupewa leseni ya kubeba abiria. Iweje anayebeba maneno ya mtu anayekabiliwa na kifungo cha maisha asipimwe?