Dumu, Boza au Tanki?

Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua kina na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatangaza mgao, Dar es Salaam iligawanyika: wenye tanki na wasio nalo. Wenye tanki waliamka usiku wa zamu yao wakajaza. Wengine walinunua kwa dumu, na dumu ndilo ghali kuliko yote.

Piga hesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Bombani, uniti wakati ule haikufika shilingi 2,000. Tuseme mwenye mkokoteni anakuuzia dumu kwa 500: uniti ile ile umeinunua 25,000. Familia ya watu watano, kila mmoja akijibana kwa dumu moja kwa siku, inamaliza madumu 150 kwa mwezi. Hiyo ni 75,000, wakati ya bombani yasingefika 6,000. Simlaumu wa mkokoteni. Madumu kumi ni kilo 200, anazisukuma mchangani, na kabla ya hapo kapanga foleni.

Boza linatisha kwa sababu pesa inatoka kwa mkupuo. Ila tuseme boza la lita 10,000 ni shilingi 150,000: linakupa dumu kwa 300. Tatizo ni pa kuyaweka, kwa hiyo changishaneni majirani wawili watatu wenye matanki. Muulize dereva kayachota wapi, na uyaonje kabla hajafungulia mpira. Mengine ni ya visima vya chumvi: ya chooni na kudekia sawa, lakini sabuni haitoi povu na chai hainyweki.

Kuchimba kisima chako? Ukanda wa pwani sikushauri kwa nyumba moja. Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, fundi, pampu, umeme, kisha huenda ukakuta chumvi; na mkivuta kwa pupa mtaa mzima, bahari inawafuata chini kwa chini.

Pesa ikitosha kitu kimoja tu, nunua tanki la lita 2,000 au zaidi, uliweke chini. Watu wanakimbilia kulipandisha kwenye mnara, halafu maji ya mgao yanakuja na presha ndogo, hayapandi. (Na yakirudi, bomba hutangulia kupuliza hewa, na mita nayo inazunguka. Fungua koki taratibu.)

Tanki hilo hilo linavuna mvua. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20: lita 1,200, ukitoa zinazopotea bado una kama uniti nzima. Funga gata kabla ya vuli, na mvua ya kwanza usiiingize tankini. Hiyo inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru.