Bastola ya Vuga huanzia kwa mtendaji

Anayetaka kumiliki bastola Vuga, huku milimani Usambara, haanzi kwa kuulizia bei. Anaanza kwa barua kwenda kwa mtendaji wa kijiji, na mtendaji akishaipokea, kijiji kimekwisha kujua. Mama anayepalilia maharage ng'ambo ya bonde anajua. Vijana wa bodaboda pale Soni wanajua kabla jua halijazama. Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu huu unamwanika mwenye mali. Mimi naona kwamba hapo ndipo penye uzito wa safari nzima, kuliko hata aina ya bastola yenyewe.

Aliyenifanya nilifikirie jambo hili ni mpwa wangu wa kike. Ni wakala wa fedha kwa simu, na siku za soko hununua karoti, hoho na kabichi kwa wakulima, taslimu mkononi, kabla malori hayajashuka Mombo. Jioni anafunga kibanda na kupanda kwao kwa miguu, mkoba ukiwa ndani ya khanga. Alikuja kwangu Jumapili moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja kusalimia au una lako?"

"Ninalo. Nataka bastola, na wewe ulipita jeshini. Ila nataka ile ndogo, ya kike."

Nikamwambia akae kwanza, chai ipo.

Umri ulikuwa umemruhusu, maana sheria haimpi leseni aliye chini ya miaka 25. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2015, ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Haikuzuka hewani. Mwezi Machi 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikutana Nairobi na kutoa Azimio kuhusu silaha ndogo, na Aprili 2004 zikasaini Itifaki ya Nairobi, zikakubaliana kuzibana silaha hizo kwa pamoja. Kwa mwananchi wa Vuga, yote hayo yanageuka kuwa foleni ya ofisi. Barua inatoka kijijini kwenda kata. Kutoka kata inakwenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Ikipita hapo inateremka Tanga, mkoani, na mwisho inafika kwa msajili wa silaha makao makuu ya polisi. Njiani mwombaji anachukuliwa alama za vidole, anahojiwa, na anatakiwa awe na cheti kinachoonyesha kwamba amefundishwa kutumia silaha na kufuzu.

Anayeona njia hiyo ndefu akakata kona anajua kinachomngoja. Kumiliki silaha bila kibali kunashtakiwa kama uhujumu uchumi, na magazeti yetu yameshaandika mara nyingi habari za watu waliofungwa miaka 20 kwa gobore lililokutwa uvunguni. Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Magobore ya kienyeji yalikuwamo kwenye marundo hayo, na sishangai: milimani kwetu nguruwe na kima hawajaacha kula mahindi.

Nguruwe wananirudisha nyuma kidogo, kwa sababu Vuga si mahali pa kuzungumzia silaha bila kutaja waliotangulia. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu ambaye ukoo wa kifalme wa Wakilindi unatokana naye, aliingia Usambara na mikuki na mbwa. Masimulizi yanasema wenyeji walimpenda kwa sababu aliwaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba na akagawa nyama kwa kila mtu. Na alipomuua simba usiku wa kuamkia siku ya kuingia Vuga, wakamfanya mfalme na kumwita Simba Mwene. Yaani mtu mwenye silaha alikubaliwa na majirani kwanza, utawala ukaja baadaye. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo katika Habari za Wakilindi, na asomaye kitabu kile ataona jinsi habari ya nani anashika silaha na kwa idhini ya nani inavyojirudia.

Mwezi Februari 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipanda Vuga kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Walimkuta mzee mgonjwa aliyemtaka Burton ampe dawa ya kurudisha ujana. Burton aliandika kwamba mfalme alikuwa na askari wa bunduki wapatao 400, aliowaita Waingereza wake, wakiwa wametawanywa vijijini. Kimweri akafariki mwaka 1862. Kiti akapewa mjukuu wake, Shekulwavu, lakini mwana wa Kimweri, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, chini kule tambarare, kwenye njia ya misafara ya Pangani. Bunduki na baruti zilimpitia mlangoni. Hazikuomba ruhusa ya mzee yeyote wa mlimani, na sehemu ya malipo yake ilikuwa watu waliouzwa utumwani. Miaka haikupita mingi, Shekulwavu akafukuzwa na Vuga ikateketezwa. Semboja hata hakuhamia. Alimkalisha mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti, yeye akabaki Mazinde na bunduki zake. Wazee wa Kishambaa wana neno lao kwa hali kama hiyo, nguvu kwa nguvu, na wanaitaja pamoja na njaa. Wajerumani walipokuja hawakuwa na kazi kubwa. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana mwingine wa Semboja aliyekuwa akitawala Vuga.

Mpwa wangu aliisikiliza hadithi hii kwa adabu, kisha akauliza, "Sasa mjomba, ile ya kike je?"

Bastola ya kike hakuna. Neno hilo linasemwa na wauzaji na waume wenye nia njema, nalo limewaponza wanawake wengi, maana kinachopewa jina hilo huwa kidude chepesi kinachotosha kwenye pochi. Uzito wa bastola ndio unaomeza teke lake. Ukiipunguza ikawa ndogo na nyepesi huku risasi ni ileile ya milimita 9, teke lote linakuja kwenye kiganja, mlio unakuwa mkali zaidi kwa ufupi wa mtutu, na mtu anayejifunza anaanza kufumba macho kabla hajafyatua. Akishazoea kufumba, kumtoa huko ni kazi ya miezi. Bastola ya ukubwa wa kati, inayojaza mkono, inafundishika zaidi.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na hakihitaji kununua kitu. Mwanafunzi anaishika bastola iliyothibitishwa tupu, mtutu ukielekea upande salama, na mkufunzi anaangalia mambo machache. Je, vidole vitatu vya chini vinaenea kwenye mpini? Je, kidole cha shahada kinafika kwenye triga kwa pedi ya mbele bila mkono kuzunguka? Na kwa bastola za magazini, je, anaweza kuvuta ile sehemu ya juu hadi nyuma kabisa bila kusaidiwa? Hapo ndipo wengi wanaposhindwa na kuambiwa hawana nguvu. Nguvu wanazo, wanawake wetu wanapanda Vuga na debe la maji kichwani. Kosa ni kuvuta kwa vidole viwili kama mtu anayefungua zipu. Mkono mmoja uifunike sehemu ya juu yote kwa kiganja, bastola iletwe karibu na kifua huku mtutu ukibaki mbele, kisha mikono yote miwili ifanye kazi, mmoja ukivuta na mwingine ukisukuma.

Rivolva, yaani ile ya silinda, haina cha kuvuta na ni nadra kukwama, ndiyo maana wazee wengi wanaisifia. Lakini triga yake ni nzito na ndefu, na risasi ni tano au sita. Nilimshauri mpwa wangu asiikatae wala asiichague kabla mkono wake haujazishika zote mbili.

Mafunzo niliyaacha kwa mwenye kazi yake, askari mstaafu anayefundisha kwa kibali. Mimi nilipita Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, enzi zile za mujibu wa sheria, kabla haijasitishwa mwaka 1994, na nilichofundishwa kambini Maramba ni bunduki ndefu begani; bastola ni somo jingine. Tangu utaratibu ule urudishwe mwaka 2013 mabinti wengi waliomaliza kidato cha sita wameshika bunduki kwa mara ya kwanza kambini, na wengine vijijini hupitia mafunzo ya mgambo. Wote hao, wakija kwenye bastola, husahau jambo moja: mtutu mfupi hugeuka upesi. Mtu anageuza kiwiliwili kumuuliza mwalimu swali, na bastola inageuka naye.

Siku ya kwanza mstaafu yule hakumpa risasi hata moja. Alimweka mezani na bastola tupu, akamtaka aihakiki, aiweke chini, mwenzake aichukue, amrudishie, na yeye aihakiki tena. Mwanafunzi akasema, "Lakini nimeona sasa hivi kwamba ni tupu." Mzee akamjibu, "Uliona ilipokuwa mkononi mwako." Kila silaha huchukuliwa kuwa ina risasi. Mtutu hauelekezwi kwa kitu ambacho huko tayari kukiharibu. Kidole kinakaa ubavuni mwa chuma, nje ya triga, mpaka shabaha imelengwa na uamuzi umefanywa. Na mpigaji ajue shabaha yake ni nini na nyuma yake kuna nini. Kanuni hizi nne, zilizoenezwa na Mmarekani Jeff Cooper, zinafundishwa takriban kila mahali duniani.

Hiyo ya nne ndiyo ya kwetu hasa. Vuga imejengwa mgongoni mwa mlima. Paa la jirani liko chini ya kibaraza chako, na shamba la jirani mwingine liko juu ya kichwa chako. Risasi ya milimita 9 iliyokosa hupita kilomita na zaidi kabla ya kuanguka. Kuta za udongo na fito haziizuii. Ukungu ukishuka saa kumi na moja jioni huoni hata mgomba wa pili, na ndio muda ambao mpwa wangu alikuwa akifunga kibanda. Mkufunzi alimuuliza ni mahali gani, katika njia yake yote ya kurudi nyumbani, angeweza kufyatua bila kuhatarisha mtu. Alifikiri sana. Akataja sehemu moja tu, penye ukingo wa udongo uliochimbwa barabara ilipopanuliwa.

Tangu hapo mazungumzo yakabadilika. Akaanza kupeleka pesa benki kila siku badala ya mara moja kwa wiki. Akabadilisha saa ya kufunga, akaweka taa ya sola nje, akakubaliana na wenzake watatu wa soko wapande pamoja. Ombi la bastola hakuliondoa, wala sikumshauri aliondoe, kwa maana mtu anayefanya kazi ya fedha ana haki ya kuomba.

Nilimwambia pia jambo ambalo mjomba hapendi kulisema. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, wakiongozwa na Arthur Kellermann, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba nyumba zenye bunduki zilikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa mtu kuuawa humo, na aliyeua mara nyingi alikuwa ndugu au mtu wa karibu. Marekani si Usambara, na utafiti ule umebishaniwa sana. Hata hivyo swali lake linavuka bahari: bastola ya msichana, usiku, ndani ya nyumba, itafikiwa na nani? Kwa hiyo kabla ya bastola kuna sanduku la chuma, lililofungwa kwa bolti ukutani, ufunguo ukiwa kwake peke yake. Na kwa hali ya hewa yetu, kitambaa na mafuta ndani yake. Ukungu wa Vuga unakula chuma upesi mno. Bastola iliyoachwa msimu mmoja wa vuli bila kufutwa inaota kutu ya rangi ya udongo wetu.

Mazoezi yanaendelea. Sasa anapiga kwa hatua saba, taratibu, risasi chache, kwa bastola ya milimita 9 ya mkufunzi. Kabla ya hapo alianzia na ile ya risasi ndogo ya .22 ambayo haina teke la kumfundisha woga. Kila anaporudi analalamika kwamba alitumia muda mwingi kwenye bastola tupu kuliko yenye risasi. Namwambia mkufunzi wake anajua anachofanya: kubonyeza triga bila kutikisa mtutu hujifunzwa kimya kimya, mlio unakuja tu kukagua.

Barua yake imepita kijijini na kata. Kwenye kikao mjumbe mmoja, mzee wa heshima, alimuuliza swali ambalo nadhani mvulana asingeulizwa: akiolewa, bastola itakuwa ya nani?

"Shikamoo babu," akajibu. "Itakuwa ya mwenye leseni. Huyo bwana naye akitaka yake, aje hapa aandike barua."

Kikao kikacheka, mwenyekiti akagonga meza, na mtendaji akaandika kwamba mwombaji anafahamika na hakuna pingamizi.